Nchi ikichafuka, kura yangu yafaa nini?

"Shikamoo Mwalimu. Naishi Kisauni, Mombasa, nina miaka 27. Mwaka 2022 nilipiga kura kwa mara ya kwanza. Juni 2024 nilitoka barabarani na wenzangu kupinga Mswada wa Fedha. Mmoja wetu alipigwa risasi ya paja, mpaka leo achechemea. Rais akaukataa mswada, tukashangilia, kisha kodi zikarudi kwa njia nyingine, na viongozi tuliodhani ni wa upande wetu wakaungana na serikali. Mamangu, auzaye mahamri na mbaazi, hajapiga kura tangu 2007. Aniambia nchi huendeshwa na watu kumi, sisi wengine kazi yetu ni kupanga foleni. Je, ni kweli? Nchi ikichafuka, mwananchi wa kawaida aweza kuiongoza, au twadanganywa? Na nijiandikishe upya kwa ajili ya 2027 au nikae nyumbani? Usiku bado naisikia ile milio."

Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale mwisho, penye ile milio. Nitaanza na siasa kwa kuwa ndiyo uliyoniuliza, lakini jambo hilo nitalirudia.

Kama nimekuelewa, wataka kujua kama foleni uliyosimama 2022 na moshi uliovuta 2024 vilifika popote. Na nyuma yako amesimama mamako, ambaye ameshatoa hukumu yake. Basi niseme kwanza kuhusu mamako, kwa sababu vijana wengi hudhani wazazi waliokata tamaa ni wajinga wa siasa. Mamako alipiga kura tarehe 27 Desemba 2007, akarudi nyumbani, na siku chache baadaye nchi ikawaka. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na watu wapatao laki sita wakahama makwao. Hakuna aliyerudi kumuuliza alitaka nini. Waliokaa mezani walikuwa viongozi wachache na mpatanishi wao, Kofi Annan, na makubaliano yakatiwa saini tarehe 28 Februari 2008. Sisi wa Pwani tulikuwa tumeshaonjeshwa uchungu huo: Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, watu wakakimbia kuokoa roho zao, na waliokimbia walikwenda na kura zao, miezi minne kabla ya uchaguzi. Mtu aliyeyaona hayo akisema nchi huendeshwa na watu kumi, asimulia aliyoyaona kwa macho yake.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza litakuuma kidogo. Siku nchi imechafuka, mpiga kura haiongozi. Kura yahitaji muda, yahitaji habari za kweli, na yahitaji mahali salama pa watu kukutana na kusemezana. Machafuko huvinyang'anya vyote vitatu kwa mpigo. Uvumi huenda mbio kuliko habari, mikutano hutawanywa, na mambo huamuliwa kwa saa badala ya miezi. Katika hali hiyo mwenye askari, mwenye fedha na mwenye kupigiwa simu na mabalozi ndiye anayeamua. Haya si ya Kenya peke yake. Sudan watu walijaa barabarani hadi Omar al-Bashir akaondolewa Aprili 2019. Oktoba 2021 wanajeshi wakapindua serikali ya mpito, na Aprili 2023 vita vikaanza. Ujasiri waliokuwa nao wale vijana hauna mfano, lakini hapakuwa na chombo cha kuupokea ujasiri ule na kuugeuza kuwa utawala.

Ila hapo ndipo mamako na mimi tunapoachana njia.

Mtu wa jahazi ajua farumi ni nini: yale mawe yanayopangwa chini kabisa ya chombo. Hayashiki usukani wala hayaulizwi njia. Lakini chombo kisicho na farumi, pepo moja tu ya ubavuni hukilaza. Na farumi haipakiwi katikati ya dhoruba. Hupakiwa bandarini, bahari ikiwa shwari, na watu wenye jasho ambao hakuna anayewatazama. Ukinitaka nikuonyeshe kazi ya mpiga kura katika nyakati mbaya, nitakuonyesha hapo.

Tazama hesabu yetu wenyewe. Novemba 2005 Rais Mwai Kibaki na mamlaka yote aliyokuwa nayo aliipigia debe rasimu ya katiba, alama yake Ndizi. Wananchi wakachagua Chungwa, takriban asilimia 58, na rasimu ikafa. Tarehe 4 Agosti 2010, nchi ikiwa imetulia, tukapitisha Katiba nyingine kwa takriban asilimia 67. Watu wengi waliopanga foleni siku ile hawakujua kwamba walikuwa wanaunda Mahakama ya Juu. Miaka saba baadaye, tarehe 1 Septemba 2017, mahakama hiyo ikafuta uchaguzi wa rais, jambo lililokuwa halijatokea Afrika. Majaji wale hakuna aliyewapigia kura, lakini kiti walichokalia kiliwekwa na wapiga kura wa 2010. Mwaka 2007 waliolalamika walisema hawana imani na mahakama, na damu ikamwagika. Mwaka 2017 palikuwa na mahali pa kwenda. Sisemi 2017 hapakuwa na vifo, vilikuwepo, na vinaniuma mpaka leo. Nasema chombo hakikulala. Malawi nao walifuata: mahakama ikafuta uchaguzi Februari 2020 baada ya maandamano ya miezi, wapiga kura wakarudi vituoni Juni, na upinzani ukashinda.

Sasa kuhusu maneno ambayo bila shaka umeyasikia barazani: "Kura yako haihesabiwi, wameshapanga." Nipe nafasi nikueleze ninachokijua kwa mikono yangu.

Tarehe 9 Agosti 2022 nilikuwa mwangalizi katika kituo kimoja hapa kaunti yetu, darasa la shule ya msingi. Utakumbuka siku ile Mombasa tulipewa karatasi tano badala ya sita, kwa kuwa kura ya gavana iliahirishwa hadi tarehe 29 baada ya karatasi kuchanganyika. Usiku, mlango ulipofungwa, msimamizi wa kituo alimwaga kura za urais juu ya madawati yaliyounganishwa. Akainua karatasi moja moja, akaigeuza ili mawakala waione, akataja jina, karani akapiga mstari. Moja moja, mwanangu. Kituo kimoja kilikuwa na wapiga kura wasiozidi 700, kwa hiyo hesabu yake mtu mzima aweza kuifuata kwa macho hata akiwa na usingizi. Walipomaliza wakajaza Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais ya kituo, mawakala wakatia saini, nakala ikabandikwa mlangoni. Kijana mmoja wa boda boda alikuwa akingoja nje. Aliipiga picha kwa simu yake, akaondoka. Asubuhi, fomu ile ile ilikuwa kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, yeyote aweza kuifungua. Nilizilinganisha tarakimu na nilizoandika kwenye daftari langu. Zililingana.

Kwa nini nakwambia haya? Kwa sababu uchaguzi wetu hauhesabiwi mahali pamoja Nairobi. Huhesabiwa katika vituo zaidi ya 46,000, na Mahakama ya Rufaa iliamua mwaka 2017 kwamba matokeo yanayotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, hakuna mkubwa wa kuyabadilisha huko juu. Mwizi anaweza kuiba, sikatai. Lakini huiba pale pasipo na wakala, pasipo na mtu wa kupiga picha, na pale watu wachache wamepiga kura huku sajili imejaa majina yasiyofika. Kituo kisicho na watu ndicho shamba lake. Kila anayekaa nyumbani kwa kuogopa kuibiwa ampunguzia mwizi kazi.

Na tarakimu zenyewe zatisha. Mwaka 2022 tofauti ya kura za urais kati ya wa kwanza na wa pili ilikuwa 233,211. Igawanye kwa vituo vya nchi nzima: kura tano kwa kila kituo. Watu watano ni baraza moja la kahawa. Halafu tazama kwetu. Mombasa walijiandikisha zaidi ya watu 640,000, na waliofika kituoni hawakufika nusu. Walioketi nyumbani katika kaunti hii moja walikuwa wengi kuliko ile tofauti iliyoamua nani awe rais. Sikwambii wangempigia huyu au yule, wala sijali. Nakwambia walikuwa na nchi mkononi. Na sababu zao nazijua: mashamba ya ardhi isiyo na hati ambayo kila mgombea huyaahidi, vijana waliozaliwa kando ya bandari wasioipata kazi ya bandari, uchovu wa miaka. Uchovu huo ni wa haki. Lakini aliyeufurahia uchovu ule ni yule ambaye hakulazimika kuja kuomba kura zao.

Wengine husema dawa ni kususia. Tulishaijaribu. Tarehe 26 Oktoba 2017 upinzani ulisusia marudio, waliojitokeza wakawa takriban asilimia 39, aliyebaki, Rais Uhuru Kenyatta, akashinda kwa asilimia 98, na akaapishwa vilevile. Machi mwaka uliofuata yeye na kiongozi wa upinzani, Raila Odinga, wakapeana mikono, na waliosusia hawakuulizwa.

Hapo ndipo niguse kidonda chako cha pili, wale viongozi waliohama. Ndiyo, Machi 2025 chama kikuu cha upinzani kilitia saini makubaliano na chama tawala. Na ndiyo, wewe hukupigia kura makubaliano hayo. Huu ndio upungufu mkubwa zaidi wa kura yetu, na sitaki kuufunika kwa maneno matamu: baada ya uchaguzi mbunge humsikiliza zaidi aliyempa tiketi ya chama kuliko aliyempa kura. Kwa nini? Kwa sababu katika ngome ya chama tiketi ndiyo ushindi, na tiketi hutolewa katika mchujo ambao watu wachache hujitokeza, au hutolewa chumbani kabisa. Katika ngome ya chama, mchujo ndio uchaguzi wenyewe, na Agosti ni kutia muhuri. Ukitaka mbunge akuogope, mchunge kabla hajapata tiketi. Ibara ya 104 ya Katiba yasema mbunge aweza kuondolewa na wapiga kura wake kabla ya muda kwisha. Ni ibara nzuri kwenye karatasi, lakini tangu 2010 hakuna hata mmoja aliyeondolewa hivyo, kwa hiyo usiiwekee matumaini.

Na maandamano yenu? Juni 18 mkate ukanusurika kodi ya asilimia 16, Juni 25 bunge likavamiwa, Juni 26 Rais akakataa kutia saini mswada. Hilo mlilifanya ninyi, wala msikubali mtu awaambie vinginevyo. Ibara ya 37 yawapa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Makumi ya vijana walilipa kwa uhai wao, na hakuna mswada duniani wenye thamani hiyo. Kisha Desemba mwaka huohuo sheria nyingine za kodi zikatiwa saini, barabara zikiwa tupu. Maandamano hujua kusema hapana. Kuandika bajeti hayajui. Aliyebaki ndani ya chumba ndiye aliyeandika.

Nina mfano wa nyumbani ambao naupenda kuliko wote, kwa sababu ulichukua muda na ulihitaji kila kitu. Serikali ilipoamuru makontena yapande treni moja kwa moja kutoka bandarini hadi Nairobi, mji huu ulianza kukauka. Madereva wa malori, mawakala wa kuondoa mizigo, mafundi wa gereji, mama wa chakula wa Miritini na Mariakani, wote waliliona pato likipungua. Mwaka 2019 watu wakaanza kuandamana kila Jumatatu. Kila Jumatatu, hata walipotawanywa. Oktoba mwaka huo waziri akalisimamisha agizo kwa muda. Wengine wangeenda nyumbani. Hawa wakaenda mahakamani kudai mikataba ya reli iwekwe wazi, wakitumia Ibara ya 35, haki ya kupata habari, na Mei 2022 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikaamua iwekwe wazi. Kampeni zilipofika, hakuna mgombea aliyeweza kukanyaga Mombasa bila kuulizwa kuhusu bandari. Siku ya kuapishwa, tarehe 13 Septemba 2022, Rais mpya akatangaza kurudisha shughuli zile Mombasa. Baadhi ya mikataba ilitolewa Novemba. Barabara, mahakama na kura, kwa miaka mitatu, na watu walewale. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu ambayo ingetosha peke yake.

Basi ukiniuliza ufanye nini, nitakwambia ninachomwambia mwanangu wa kumzaa. Anza na kilicho karibu. Mombasa ina wadi 30. Mwakilishi wa wadi yako anaweza kuanguka kwa kura ambazo wewe na marafiki zako kumi mwaweza kuzitafuta kwa miguu. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili na hupitishwa kabla ya Juni kwisha. Kati ya tarehe hizo lazima umma uulizwe. Nimehudhuria vikao hivyo ambapo viti vilikuwa mia na watu ishirini, na nusu yao walingoja nauli. Ingia na swali moja tu lililoandikwa, kuhusu mtaro mmoja au zahanati moja, taja ukurasa wa bajeti, omba jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Wanaoendesha vikao hivyo humjua upesi mtu anayerudi mara ya pili. Siku ya uchaguzi, omba kuwa wakala wa mgombea au mwangalizi wa jumuiya yako. Ukishindwa, piga picha ya Fomu 34A mlangoni na uihifadhi. Na asiyetaka kuandamana tena baada ya aliyoyaona, asiandamane, asione haya. Kazi ya daftari yahitaji watu kuliko ya barabara.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyatibu kwa kuandika. Mwenzako aliyepigwa risasi akamwone wakili ana kwa ana, na achukue karatasi zake zote za hospitali na fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, kama anayo. Mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu zina ofisi Mombasa, na mashirika ya MUHURI na Haki Africa yamesimama na familia nyingi za Pwani katika kesi za namna hii. Asiende peke yake. Nawe ukikamatwa siku yoyote, Ibara ya 49 yataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na una haki ya kunyamaza na kuwasiliana na wakili. Lishike hilo kichwani kabla hujalihitaji. Ukianza kupokea vitisho kwa simu, usivifute, vionyeshe watu hao hao upesi.

Na ile milio. Mwanangu, mtu anayesikia risasi usiku baada ya mwaka na zaidi hana udhaifu wowote. Mwili wake bado uko Juni. Hilo lina matibabu. Nenda Port Reitz au hospitali nyingine ya serikali yenye kitengo cha afya ya akili, waambie maneno yaleyale uliyoniandikia. Ukifika mahali wajiona hutaki kuendelea kuishi, usingoje kliniki, nenda siku hiyohiyo na mtu unayemwamini. Nakuomba ulifanye hili kabla ya lile la bajeti.

Limebaki la kujiandikisha. Wewe ulishajiandikisha, jina lako limo, na kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai. Unachohitaji ni kuhakikisha jina lako kwenye sajili na kuhamisha kituo kama umehama mtaa. Mwenye haja ya kujiandikisha ni mamako. Ile kadi yake ya 2007, kama bado ameitunza, haifai kitu, kwa sababu sajili ilianzwa upya kwa alama za vidole mwishoni mwa 2012. Usibishane naye. Mweleze tu hesabu ya kura tano, mwambie uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, na mpe muda wake. Siku akikubali, mshike mkono mpaka ofisi ya tume ya eneo bunge lenu na kitambulisho chake cha taifa, mahamri ya asubuhi yakishauzwa.